Namba kwenye Kioo cha Kigeuzi

Kazi yangu ni kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta: rili za robo inchi, kaseti, na mara chache santuri. Kila ninachokihamisha nakirekodi kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, yaani sauti hupimwa mara 96,000 kila sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti 24. Mwongozo wa IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha jongefu, unataka angalau biti 24 na sampuli 48,000, na hifadhi nyingi zimezoea kwenda hadi 96,000. Baada ya kurekodi nasikiliza kupitia kigeuzi cha nje, yaani kile kisanduku kinachopokea namba kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza kuwa umeme wa kupeleka kwenye amplifaya, ambacho mafundi wenzangu hukiita DAC.

Siku moja nilikuwa nikisikiliza rili ya taarabu iliyoletwa na familia moja ya Tanga, nikatupia jicho kioo kidogo kilicho mbele ya kigeuzi. Kiliandika 48.0, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ilhali faili lilikuwa la 96,000. Nilisimamisha, nikafungua upya, nikabadilisha waya wa USB, nikachomeka kwenye tundu jingine, na namba ikabaki palepale. Kigeuzi kilikuwa kizima na waya ulikuwa mzima. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeamua kiasi cha mvumo wa kanda cha kuondoa, na mahali pa kuuacha udi usikike ulivyo, huku nikisikiliza kitu kilichokwisha kubadilishwa njiani. Wenye kanda hizo walikuwa wameniamini, na kazi tano nilizirudia kuzisikiliza tangu mwanzo.

Mabadiliko hayo hutokea ndani ya kompyuta, kabla sauti haijaufikia waya. Mfumo endeshi unajua kwamba programu nyingi hutaka kutoa sauti kwa wakati mmoja: muziki unapiga, ujumbe unaingia na mlio wake, video imefunguliwa kwenye kivinjari. Kigeuzi kinapokea mkondo mmoja tu, hivyo kuna kichanganyaji kinachozikusanya sauti zote, na ili kizijumlishe zote pamoja ni lazima ziwe na idadi moja ya sampuli kwa sekunde. Zisizolingana na kiwango kilichowekwa hukokotolewa upya. Kwenye Windows kiwango hicho huwekwa katika sifa za kifaa cha sauti, na hakibadiliki kwa kufuata faili. Kwangu kilikuwa 48,000 tangu siku niliyochomeka kigeuzi mara ya kwanza, na sikuwahi kukigusa. Sikilaumu kichanganyaji, kwa maana bila hicho kompyuta ya ofisini isingeweza kutoa milio miwili kwa pamoja. Lakini kwa mtu anayechunguza faili lenyewe, kinaingilia kazi isiyo yake.

Dawa ni kuiruhusu programu ya kusikilizia ikishike kigeuzi peke yake na kukipita kichanganyaji. Katika Windows kuna njia inayoitwa WASAPI, na ndani yake hali ya kumiliki kifaa bila kushirikiana na programu nyingine. Unaiwasha kwenye mipangilio ya programu ya kusikilizia, na kuanzia hapo mlio wa ujumbe hausikiki tena kwenye spika zako, jambo ambalo lenyewe ni ushahidi kwamba umefaulu. Kuna pia ASIO, iliyoletwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997 kwa ajili ya studio, ambayo huhitaji draiva ya mtengenezaji wa kigeuzi, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Kwenye Mac unafungua programu ya Audio MIDI Setup na kuchagua kiwango kwa mkono, au unatumia programu ya kusikilizia inayokibadilisha yenyewe kila faili linapobadilika.

Linux ndiyo ninayoipenda kwa kazi hii, kwa sababu haifichi kitu. Muziki ukiwa unapiga, fungua dirisha la amri usome faili liitwalo hw_params lililo chini ya /proc/asound, ndani ya folda ya kadi yako. Utaona mistari michache: mmoja unasema format: S32_LE, mwingine unasema rate: 96000. Huo ndio mkondo unaoingia kwenye draiva kwa dakika hiyo, wala si ahadi ya programu ya kusikilizia. Ile S32 isikutishe. Biti 24 za sauti zimewekwa ndani ya nafasi ya biti 32 na nafasi iliyobaki imejazwa sufuri. Ukikuta 48000 wakati faili ni la 96, basi PipeWire, kichanganyaji cha Linux, imeingia katikati, kwa kuwa kiwango chake cha kuanzia ndicho hicho mpaka uiruhusu kutumia viwango vingine kwenye mipangilio.

Tukishatoka kwenye kompyuta tunaingia kwenye waya wa USB, na hapa hesabu ndogo inaeleza mengi. Vigeuzi vya awali vilifuata daraja la kwanza la sauti ya USB, yaani kanuni za kupitisha sauti kwenye waya huo, lililotolewa mwaka 1998, na vilitumia mwendo wa megabiti 12 kwa sekunde. Ukitazama megabiti 12 utadhani nafasi ni tele. Lakini sauti husafirishwa kwa pakiti moja kila milisekunde, na pakiti hiyo haizidi baiti 1,023. Sasa chukua sauti ya biti 24, yaani baiti 3, kwa chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia: kila sampuli ni baiti 6. Katika milisekunde moja, sauti ya 96,000 ina sampuli 96, nazo ni baiti 576, zinaingia vizuri. Sauti ya 192,000 ina sampuli 192, nazo ni baiti 1,152, na pakiti imekataa. Hata 176,400 haiingii. Ndiyo sababu vigeuzi vya zamani huishia 96, na ndiyo sababu daraja la pili la mwaka 2006, linalotumia mwendo wa megabiti 480, lilihitajika. Mac ililikubali daraja hilo mwaka 2010, ila Windows haikuwa na draiva yake yenyewe mpaka mwaka 2017, na hivyo kwa miaka mingi mtu wa Windows alilazimika kusakinisha draiva ya mtengenezaji. Ukinunua kigeuzi kilichotumika, uliza kwanza kama draiva hiyo bado inapatikana kwa Windows uliyonayo. Nimewahi kuona kifaa kizuri kabisa kikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo tu.

Jambo ambalo naona halielezwi vya kutosha ni saa. Namba peke yake hazitoshi kuwa sauti. Kila sampuli lazima igeuzwe umeme kwa wakati wake hasa, na kuna saa ndani ya mfumo inayogonga kila zamu. Swali ni nani anaishika. Kwa njia ya kale kigeuzi kiliifuata kompyuta: kilitazama pakiti zinavyowasili na kurekebisha saa yake iendane nazo. Tatizo lake unaliona kwenye muziki wa CD, wenye sampuli 44,100 kwa sekunde. Katika milisekunde moja zinapaswa kufika sampuli 44.1, na hakuna sehemu ya kumi ya sampuli. Kompyuta hutuma pakiti tisa zenye sampuli 44, kisha ya kumi yenye 45, halafu inaanza upya. Kigeuzi kinatakiwa kupata mwendo ulio sawa kutoka kwenye mapigo yanayochechemea namna hiyo, na vingine hufanya hivyo vizuri kuliko vingine.

Vigeuzi vingi vya sasa vimeyageuza mamlaka. Saa iko ndani ya kigeuzi, karibu kabisa na mahali namba zinapogeuzwa, na kuna hodhi dogo la kumbukumbu linalopokea pakiti. Hodhi likianza kupungua, kigeuzi huiambia kompyuta iongeze kidogo. Likikaribia kujaa, huiambia ipunguze. Kompyuta inabaki kuwa mchota maji. Kama unataka kujua kifaa chako ni cha namna gani, lile folda la Linux nililolitaja lina faili jingine liitwalo stream0, ndani yake utasoma ASYNC au ADAPTIVE. Neno la kwanza ndilo la saa ya ndani.

Pakiti za sauti zina pia tabia moja inayopaswa kukumbukwa: zikiharibika njiani hazirudiwi. Unaponakili faili kwenda kwenye diski, kipande kilichoharibika hutumwa tena hadi kikamilike, lakini muziki hauwezi kusubiri. Kosa kwenye waya huja kama mkwaruzo au ukimya wa ghafla. Haliji kama sauti ya juu iliyofifia wala besi iliyopungua uzito, na kwa hiyo waya wa bei kubwa haupo kwenye orodha ya vitu ninavyowashauri wateja wangu wanunue. Waya mfupi wa kawaida, usiolegea kwenye tundu, unatosha.

Waya huohuo, hata hivyo, hupitisha umeme wa kompyuta pamoja na namba, na umeme huo una kelele. Kama spika zako zinavuma au kuna mlio mwembamba unaobadilika unaposogeza kipanya, chomoa chaja ya kompyuta mpakato uendelee kwa betri. Mlio ukikoma, umeshapata chanzo: mzunguko wa ardhi, yaani umeme unaozunguka kupitia nyaya za ardhi za chaja na amplifaya. Kwa hali hiyo mimi hutumia waya wa mwanga wa TOSLINK, ulioanzishwa na Toshiba mwaka 1983, kwani mwanga haupitishi umeme hata kidogo. Gharama yake ni kwamba saa inarudi upande wa anayetuma, na vifaa vingi vya aina hiyo havivuki 96,000 kwa uhakika.

Kiasi cha sauti kwenye programu nakiacha juu kabisa na kupunguzia kwenye amplifaya, maana kukipunguza kwa programu ni kuzizidisha namba zote upya.

Je, sikio linasikia tofauti? Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji hawakuweza kutofautisha sauti ya kiwango cha juu na ileile iliyopitishwa kwenye biti 16 na sampuli 44,100. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya majaribio 18 akapata kwamba watu walipatia kwa asilimia 52.3, zaidi kidogo ya kubahatisha, na waliofunzwa walifanya vyema zaidi. Mimi nayaamini yote mawili. Anayesikiliza muziki sebuleni hatapoteza kitu kikubwa kwa CD iliyorekodiwa vizuri. Ninachodai ni kwamba anayefanya uamuzi juu ya kanda isiyo na nakala nyingine lazima asikilize faili lenyewe, bila kubadilishwa na kichanganyaji asichojua kipo.

Kwa hiyo nimetengeneza mafaili matatu mafupi ya udi uleule, moja la 44,100, moja la 48,000 na moja la 96,000. Kila asubuhi nayapiga mfululizo kabla ya kuweka rili ya kwanza kwenye mashine, macho yangu yakiwa kwenye kioo cha kigeuzi. Namba ikibadilika kwa kila faili, naanza kazi. Isipobadilika, rili inabaki kwenye boksi lake mpaka nijue ni nini kilichosasishwa usiku.