Opera ya makarani wa Dejima

Ukitaja opera ya kwanza ya Kizungu kuchezwa Japani watu wanawaza Waitaliano wenye masauti mazito na majumba ya dhahabu, kumbe inayotajwa sana ni kichekesho kifupi cha Kiholanzi kilichochezwa 1820 na makarani wa biashara wa Dejima, watu wa maghala na madaftari ya hesabu, sio waigizaji kabisa.

Dejima kilikuwa kisiwa cha kutengenezwa na watu pale Nagasaki, urefu kama mita 120 tu, Waholanzi walibanwa humo tangu 1641 na kutoka mpaka kibali. Meli ya Batavia (Jakarta ya leo) ikishaondoka basi tena, mnabaki kutazamana nyuso zilezile mpaka mwakani. Chini ya mkuu wao Jan Cock Blomhoff wakaona bora wacheze, na maofisa wa Kijapani wakaalikwa. Kwanza igizo la mtu asiye na subira, halafu De twee jagers en het melkmeisje, yaani wawindaji wawili na binti wa maziwa.

Stori yenyewe ni hii: jamaa wawili wameuza ngozi ya dubu na dubu bado yuko porini anatembea zake, sisi tungesema wamekata kanzu mtoto hajazaliwa. Dubu akitokea mmoja anakwea mti, mwingine anajifanya maiti. Binti naye na mtungi wake wa maziwa anapiga hesabu ya mayai, vifaranga, mifugo, mara mtungi chini, utajiri wote umemwagika. Hata usiyejua neno la Kiholanzi unacheka, nadhani ndo maana waliichagua hii.

Sasa binti alichezwa na nani? Wanawake wa Kizungu walikatazwa Dejima, mke wa Blomhoff mwenyewe, Titia Bergsma, alifika 1817 na mtoto mdogo na kabla mwaka haujaisha wakarudishwa. Kwa hiyo muuza maziwa lazima alikuwa karani kavaa gauni, na wageni hilo wala lisingewashtua manake kwenye kabuki, maigizo yao ya jadi, wanawake wanachezwa na wanaume. Mchoraji wa Nagasaki, Kawahara Keiga, aliwachora hawa jamaa stejini.

Halafu hii opera "ya Kiholanzi" asili yake Paris, 1763, muziki wa Duni maneno ya Anseaume, Waholanzi walitafsiri tu. Cape Town ndo kinyume chake, Mfaransa Charles Etienne Boniface akaandika kwa Kiholanzi kichekesho De Nieuwe Ridderorde, kikachapishwa 1832, akiwakejeli wapinga pombe, na mmisionari John Philip akabatizwa Humbug Philipumpkin, jina limeunganishwa na pumpkin, yaani boga! Wakhoi, wenyeji wa huko, humo wanaongea lugha ambayo leo tungeiita Kiafrikaans, ila kusema kweli wanachekwa kwa ulevi wao na mimi sehemu hiyo hainichekeshi.

Jumba la maigizo la mji huohuo, lililofunguliwa 1801, baadaye waligeuza shule na kanisa la watumwa walioachwa huru. Bado lipo, linaitwa St Stephen's.