Je, wajua kwa nini umeme hupita katika udongo ulioganda?

Udongo ulioganda kwa baridi huwa mgumu kama jiwe, kiasi kwamba sururu hugonga na kurudi, na mwenye kuutazama hudhani kila tone la maji lililokuwemo limekwisha kuwa barafu. Hata hivyo, ukichomeka vijiti vya chuma katika udongo huo na kuviunganisha na betri, mkondo wa umeme hupita. Ni hafifu, lakini unapimika. Hupitia wapi, ikiwa barafu hupitisha umeme kwa shida sana, na chembe za mawe nazo ni vivyo hivyo?

Hupitia katika maji ambayo hayajaganda. Kila chembe ya udongo imevikwa utando mwembamba mno wa maji, na uso wa chembe huyashika maji hayo kwa nguvu hata yakashindwa kujipanga kuwa barafu joto linaposhuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Isitoshe, barafu inapojijenga huzikataa chumvi, nazo hubaki katika maji yaliyosalia na kuyafanya yawe na chumvi kali zaidi, na maji ya chumvi huhitaji baridi zaidi ili yagande. Mchanga, ambao chembe zake ni kubwa, hupoteza karibu maji yake yote mara tu joto linapopita chini ya sifuri, ilhali udongo wa mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo mno na nyuso zake zikijumlishwa ni pana ajabu, huweza kubaki na maji mengi hata katika nyuzi 5 chini ya sifuri.

Ndiyo maana kupima ukinzani, yaani kiasi ambacho udongo unauzuia umeme, ni sawa na kuuliza ni maji kiasi gani yamebaki. Njia inayotumika sana ni ya vijiti vinne vilivyopangwa kwa mstari, ambayo Frank Wenner wa Marekani aliieleza mwaka 1915: viwili vya nje hupitisha mkondo, na viwili vya ndani hupima tofauti ya volti tu. Mgawanyo huo wa kazi una sababu nzito, kwa kuwa pale chuma kinapogusana na ardhi iliyoganda pana ukinzani mkubwa mno, na kama vijiti vilevile vingefanya kazi zote mbili, mpimaji angepima mgusano badala ya udongo. Hata hivyo, mkondo usipopenya kabisa hakuna kipimo, kwa hiyo penye mawe matupu watu huzungushia vijiti sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi. Vijiti vikitenganishwa zaidi, mkondo huzama chini zaidi. Vikiwa makumi kadhaa, kompyuta huweza kuchora picha ya ardhi kana kwamba imekatwa kwa kisu kuanzia juu hadi chini.

Uzuri wa njia hii, kwa maoni yangu, huonekana zaidi pale kipimajoto kinaponyamaza. Barafu iliyomo udongoni inapoanza kuyeyuka, joto lote linaloingia hutumika kuiyeyusha, na kipimajoto huweza kusimama karibu na sifuri kwa wiki kadhaa kana kwamba hakuna kinachotokea. Wakati huohuo ukinzani unashuka siku hadi siku, kwa sababu njia za maji zinapanuka na kuungana. Ikumbukwe kwamba ardhi huhesabiwa kuwa ya baridi ya kudumu ikiwa imekaa katika nyuzi 0 au chini kwa miaka 2 mfululizo, bila kuulizwa ina barafu kiasi gani. Lakini mteremko au msingi wa jengo hushikiliwa na barafu, si na namba ya kipimajoto.

Umeme nao una utata wake. Ukinzani mkubwa huweza kumaanisha barafu, lakini pia huweza kumaanisha mwamba mkavu au hewa katikati ya mawe, na udongo wenye chumvi nyingi huweza kuganda huku ukinzani wake ukibaki mdogo. Kwa hiyo vipimo hulinganishwa na joto lililopimwa ndani ya shimo lililotobolewa, au mahali palepale hupimwa tena na tena, kwa kuwa mwamba haubadiliki kati ya mwaka na mwaka ilhali barafu hubadilika. Katika mlima Schilthorn, Uswisi, vijiti vimeachwa ardhini na kupimwa hivyo tangu mwaka 1999, na kiangazi cha joto kali cha mwaka 2003 kiliacha alama yake humo: ukinzani ulishuka, kwa sababu sehemu ya barafu ilikuwa imegeuka maji.