Trela ya zamani: bati linang'aa, mbao zimeoza

Mtu akiona trela ya kulala ya zamani imetelekezwa uani kwa mtu, ile ndogo yenye mgongo wa duara ya miaka ya 50 au 60, anachowaza ni rangi, mapazia na magodoro mapya, wiki nne tuko barabarani. Hata mimi. Nilinunua mapazia kabla sijapiga goti kuchungulia chini ya sakafu, yakakaa kwenye mfuko miaka miwili na nusu, na siku ya kuyatundika nakuta fremu za madirisha nilishabadilisha saizi, hayatoshi. Kwa hiyo hizi imani potofu za kukarabati trela za zamani ninazozitaja hapa, nyingine nimeziamini mwenyewe.

Kubwa kuliko zote: "bodi iko safi, haina kutu, basi trela ni nzima."

Hapana aisee. Trela nyingi za enzi hizo mifupa yake ni vipande vyembamba vya mbao, ndani kuna plaiwudi nyembamba, nje kimevishwa bati la alumini kama shati tu. Alumini hailiki kutu kama chuma, kwa hiyo itakung'aria miaka sitini wakati mbao za nyuma yake zimeshakuwa sponji zamani. Maji yanapita kwenye kona za paa, pale ule ukanda wa pembeni ulipofungwa kwa skrubu, yanapita kwenye madirisha, kwenye tundu la feni, kwenye taa za nyuma, kokote palipotobolewa, maana ile puti ya kuzibia ya kiwandani inakauka na kupasuka. Halafu maji hayadondoki pale yalipoingilia. Yanatambaa na mbao mpaka kona ya chini, ndiyo maana unaweza kukuta sakafu imeoza chini ya kitanda na tundu lenyewe liko mbele kabisa juu ya paa.

Kwa hiyo ukienda kuangalia trela usiende na kamera, nenda na bisibisi na tochi. Fungua kila kabati, bonyeza kona za sakafu, chini ya madirisha, mlangoni. Bisibisi ikizama bila kusukumwa jibu umelipata. Mimi nikikuta paneli za ndani zimepakwa rangi mbichi halafu kuna kaharufu ka uvundo, hapo ndipo wasiwasi unapanda zaidi kuliko nikikuta madoa ya maji, kwa sababu mwenye madoa hajaficha kitu.

Kuna wenye trela zile za rangi ya fedha, Airstream na nduguze, wanajiona hayawahusu kwa sababu zao "ni alumini tupu haiozi." Ganda ni alumini kweli, limepigwa ribiti mtindo wa ndege, lakini sakafu za zile za miaka ya 60 na 70 ni plaiwudi, imelala juu ya chesisi ya chuma, na ganda limefungwa kwa bolti kupita humo humo kwenye plaiwudi. Sasa plaiwudi ikioza huko nyuma, ganda na chesisi vinaachana. Unakanyaga bampa la nyuma linashuka peke yake, ganda limebaki juu. Na pale alumini inapogusana na chuma pakiwa na unyevu alumini inaliwa, kwa hiyo unaporudisha lazima uweke kitu cha kuvitenganisha.

Halafu silikoni. Ooh silikoni! "Inavuja? Piga silikoni juu." Hii imeua trela nyingi kuliko ajali, na hilo ni neno langu siyo takwimu. Silikoni ikishakaa kwenye bati hakuna kitu kinashika juu yake tena, si rangi, si gundi, hata silikoni nyingine haishiki vizuri, na kuitoa ni kukwangua siku nzima. Baya zaidi inaziba kwa nje wakati njia ya maji iko chini ya ule ukanda, matokeo yake maji yaliyoingia hayana pa kutokea. Dawa ni kufungua ukanda wote, kusafisha puti ya zamani hadi bati lionekane, kuweka tepu mpya ya butili, ule mpira laini unaonata, kufunga tena, kisha zile skrubu zilizokuwa zinazunguka bila kukaza unaziwekea mbao mpya nyuma. Inachosha, ndiyo. Baada ya hapo piga maji ya mpira ukianzia chini kupanda juu taratibu, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianza juu maji yatamwagika kila mahali hutojua tundu ni lipi.

"Nang'oa vyote vya ndani kwanza, nipate nafasi ya kufanya kazi." Mtego huo. Kabati na zile kuta ndogo za ndani ndizo zinazoshikilia umbo la trela, ukizitoa zote kwa mpigo na mbao za pembeni zimeoza, trela inalala upande na mlango haufungi tena maisha. Kabla hujatoa chochote piga vipande vya mbao vya mshazari ndani, piga picha za kila kitu mpaka zile za kijinga, na usitupe paneli iliyooza hata kama inanuka, hiyo ndiyo kipimo chako cha kukatia mpya. Chesisi kwanza, inasuguliwa, inachomelewa palipoliwa, inapakwa rangi, ndipo sakafu, kuta, nyaya ndani ya kuta, na kabati mwisho. Magodoro na mapazia, tumeshaongea.

Kuna na vumbi. Watu wanavunja ndani bila barakoa eti ni mbao tu. Trela iliyolala miaka mingi ina panya, na kinyesi cha panya hakifagiliwi kikiwa kikavu maana kuna virusi vinavyopeperuka na lile vumbi, kiloweshe kwanza na dawa ya klorini ndiyo ufute. Rangi nayo, Marekani rangi ya nyumba yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku 1978, trela ya kabla ya hapo ipime kabla hujaipiga msasa.

Matairi, haraka haraka. "Siyo vipara, meno bado yamesimama." Tairi la trela linakufa kwa umri, kwa kusimama juani, siyo kwa kilomita. Ubavuni kuna tarakimu nne, 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Likipita miaka sita mimi sibishani nalo, natoa. Ukiwa hapo hapo fungua beringi uweke grisi mpya na uangalie breki.

Uzito ndipo penye ubishi kila siku. "Ukiweka mizigo nyuma unailinda gari, pua inakuwa nyepesi." Pua ni ile ncha ya mbele inayokaa kwenye ndoano ya gari, na pua nyepesi ndiyo inayoleta ule mchezo wa mkia barabarani, trela inaanza kuyumba kushoto kulia, kila yumbo kubwa kuliko lililopita, mpaka inaivuta na gari. Kwa trela za Kimarekani kanuni inayotumika ni pua ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani trela ya kilo 1,000 ikiwa imepakiwa, pua ikupe kilo 100 hadi 150. Sasa anayekarabati anaweka meza ya mbao ngumu, marumaru bafuni, tanki la maji la lita 100 nyuma kabisa ya ekseli, hizo ni kilo 100 umezitundika mkiani, halafu anashangaa kwa nini trela iliyokuwa inafuata vizuri sasa inacheza. Kabla hujajenga chora vitu vizito vinakaa wapi, ukimaliza peleka mzani. Na ikianza kuyumba usikanyage breki kwa nguvu wala usikate usukani, achia mafuta, kama una kile kidude cha kubana breki za trela kwa mkono kitumie, itatulia.

Umeme: "ni kama wa gari tu, waya mweusi ni hasi." Kwenye trela nyingi za Kimarekani upande wa volti 12 mweusi ni chanya na mweupe ndio hasi, na kuna watu wameunguza pampu mpya kwa kujiamini. Usikisie, pima. Ule umeme mkubwa wa kuchomeka nje ndio wa kuogopa zaidi, trela nyingi za zamani zina plagi ya pini mbili bila erthi, ikitokea waya umechunika nyuma ya bati, trela nzima inakuwa na umeme na wewe uko peku kwenye nyasi mbichi unashika kitasa. Sehemu hiyo mwite fundi umeme, siyo aibu.

Gesi nayo "haijanuka, basi haivuji." Propeni ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, wewe umesimama unanusa juu. Povu la sabuni kwenye kila kiungio, kiberiti kamwe, na mipira na regyuleta ya zamani tupa bila kuijaribu. Friji la gesi likitoa harufu kali ya amonia limekwisha, toa nje.

Na wale wa "ukibadilisha kitu siyo orijino tena." Mimi nimeacha vitasa, taa ya mlangoni, na jiko ambalo haliwaki nimelifanya droo ya visu. Nyaya, gesi, breki na matairi ni vya juzi. Aliyekuja kuniambia nimeharibu historia alikaa humo ndani mvua nzima ya jioni, hakuna tone lililomdondokea, akaondoka bado ananung'unika kuhusu rangi ya mlango.