Unaishi mlimani? Bado uko bondeni

Kila ukaguzi wa vibali vya maji unapoanza, watu wa miinuko hutupa sisi wa Bodi ya Maji ya Bonde jibu lilelile: "Ofisi yenu ni ya bonde, sisi tuko mlimani." Wapo wanaolisema kwa utani, na wapo wanaolisema huku wanafunga geti.

Naelewa linakotoka. Katika Kiswahili cha kila siku bonde ni pale chini, baina ya vilima, penye mpunga na mbu. Wabondei wa Tanga hata jina lao latokana na neno hilo. Lakini tunaposema Bodi ya Maji ya Bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, bonde ni eneo lote ambalo maji yake huteremkia mahali pamoja, iwe mtoni, ziwani au baharini. Kilele kimo, mteremko umo, na paa la nyumba yako limo.

Katika mkutano mmoja wa kijiji niliacha ramani garini nikaomba beseni la kufulia. Mama mmoja akaleta la bluu, limepasuka kidogo ukingoni. Nikadondosha maji ukingo wa huku, kisha wa kule. Yote yakateremka katikati. Nikauliza: tone lilipokuwa juu kabisa, lilikuwa ndani ya beseni au nje? Wakacheka. Mwenye beseni akauliza, "Na lililoangukia nje je?" Hilo ni la bonde jirani. Ofisini siulizwi maswali mazuri kama hilo.

Tanzania Bara ina mabonde tisa: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria. Mipaka yake hufuata migongo ya ardhi, si mikoa. Mvua ya Kilimanjaro na Meru huteremka kwa mito Kikuletwa na Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ikaenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kabla ya kufika Bahari ya Hindi. (Ruvu huu si ule wa Dar es Salaam. Tunaulizwa kila wiki.) Bonde la Kati ni beseni lisilo na tundu: maji yanayoingia maziwa ya Eyasi, Manyara au Natron hayana pa kutokea, jua huyakausha, chumvi na magadi vikabaki. Ukitiririsha uchafu huko, nao unabaki.

Kwa hiyo pampu iliyo mteremkoni ni jambo la bonde zima. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sababu kubwa ni maji yanayochepushwa juu, Usangu. Viboko hawakuwa na pa kulalamika.

Sasa utaratibu. Kuchota maji ya nyumbani kwa ndoo, kuchimba kisima cha mkono kwa matumizi ya nyumbani, au kuvuna mvua ya paa kwa matumizi hayohayo, hakuhitaji kibali. Kuchepusha mto, kujenga bwawa au kuvuta maji ya umwagiliaji, kiwanda au biashara kunahitaji. Ombi hupelekwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde, likitaja chanzo, mahali, kiasi na matumizi. Kiasi kiandikwe kwa vipimo. "Ya kutosha" si kipimo, nasi tumeshayapokea maombi ya hivyo. Ombi hutangazwa ili wenye pingamizi wajitokeze, na ukubaliwaji wake hutegemea maji yaliyopo, kwa hiyo tusiahidiane chochote mapema. Ukikubaliwa unapewa kwanza kibali cha muda cha kujenga miundombinu na kufunga kifaa cha kupimia maji. Kibali kamili hufuata baada ya ukaguzi. Kisima cha kuchimbwa kwa mtambo kina kibali chake cha uchimbaji, na mchimbaji awe na leseni. Kumwaga majitaka kuna kibali chake. Baada ya hapo ada hulipwa kila mwaka, na ukame ukija Bodi inaweza kupunguza kiasi ulichopewa.

Kutumia maji bila kibali, kukiuka masharti yake au kuchafua chanzo ni kosa la jinai lenye faini, kifungo, au vyote viwili. Hati ya kiwanja haikupi umiliki wa maji yaliyo chini yake. Rasilimali za maji ni za umma, zikiwa chini ya dhamana ya Rais. Ankara unayolipa mamlaka ya maji nayo si kibali. Na marufuku ya kufanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji haifutiki kwa sababu babu alilima hapo.

Kabla ya kujaza fomu, simama uani mvua ikinyesha uone maji yanaelekea kijito gani, kisha uandike jina la kijito hicho. Hata ndani ya mkoa mmoja wa Arusha kuna maeneo yanayomwaga Pangani na mengine yanayomwaga Bonde la Kati, na ofisi ya Pangani iliyoko Moshi haiwezi kutoa kibali cha maji yanayosimamiwa na ofisi ya Bonde la Kati iliyoko Singida.