Kabla Hamjapiga Lipu Ukuta wa Shule ya Zamani

Vijiji vingi vya Uganda vina jengo moja la shule ambalo watu hulipita bila kulitazama: refu, jembamba, la matofali mekundu, mabati yameshika kutu, na kando yake rimu ya gari imening'inizwa mwembeni iwe kengele. Kamati ya shule ikipata fedha kidogo, wazo la kwanza ni kulipiga lipu ya saruji na kulipaka rangi. Kazi yangu ni kukagua majengo ya aina hii, na ombi langu kwa kamati ni moja: lisomeni kwanza.

Nasema lisomeni kwa makusudi. Kwa Kiganda, okusoma ni kusoma kitabu, ni kwenda shule, na pia ni kwenda kusali. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, wa Kikatoliki 1879, na waumini wao wa mwanzo waliitwa abasomi, yaani wasomaji, maana aliyetaka ubatizo alianzia kwenye herufi. Kule vijijini kanisa na shule vilikuwa nyumba moja, na mara nyingi mwalimu alikuwa yuleyule.

Jambo hilo bado linaonekana ukutani. Ingieni ndani, mtazame pale ukuta unaotenga madarasa unapokutana na ukuta wa nje. Kama zilijengwa pamoja, matofali yamefumana, moja linaingia katika mwenzake. Kama ule wa ndani uliongezwa baadaye, umeegemea tu, na kwenye kiungo kuna ufa ulionyooka toka chini hadi juu, ambao fundi huuziba na mvua zikipita unarudi. Ufa wa namna hiyo si lazima uwe dalili ya ubovu. Huenda unawaambia kwamba nyumba ilianza kama ukumbi mmoja wa ibada na masomo, ikagawanywa watoto walipozidi.

Shule za mwanzo zilikuwa za matete na nyasi, wala hazikudumu. Ufundi wa kuchoma matofali ulienea kupitia misheni kuelekea mwisho wa karne ya 19, lakini paa liliendelea kuwa la nyasi kwa muda. Hata kanisa kuu la Namirembe, la matofali, lililokamilika mwaka 1904, liliteketea kwa radi mwaka 1910. Mabati na saruji vilitoka ng'ambo: kwa reli hadi Kisumu, ambako njia ilifika 1901, kisha kwa meli kuvuka ziwa. Reli yenyewe haikufika Kampala hadi 1931, na kiwanda cha saruji cha Tororo ni cha miaka ya 1950. Ndiyo maana waashi wa kijijini waliunganisha matofali kwa udongo, mara nyingi wa kichuguu, wakaiweka saruji kidogo waliyokuwa nayo mahali pa lazima tu. Juu ya madirisha walijenga tao la matofali yanayobanana yenyewe kwa yenyewe, bila nondo wala zege. Mimi kila nikiona tao la namna hiyo lingali limesimama, namheshimu aliyelijenga.

Katika shule moja ya Busoga nilipapasa tofali karibu na mlango nikakuta alama za vidole vinne, vyembamba kuliko vyangu. Wazee wakaniambia kwamba wanafunzi wenyewe ndio waliokanyaga udongo na kufyatua. Alama hizo zingefunikwa na lipu wiki iliyofuata.

Lipu ya saruji ina madhara mengine makubwa zaidi. Kuta hizi hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini na kutokea usoni mwa tofali, yakakauka kwa upepo. Mkiuziba uso huo kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, udongo wa kati unalainika, tofali linamung'unyika ndani kwa ndani. Baada ya misimu michache lipu hubanduka vipande vizima, na uso wa tofali huondoka nayo.

Tangu 1997, elimu ya msingi kwa wote ilipoanza na wanafunzi wakaongezeka kutoka takribani milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5, shule zimehitaji kila chumba, na siwalaumu wanaotaka jengo lipendeze. Basi tumieni chokaa: fungu moja kwa mafungu matatu ya mchanga safi. Inapatikana nchini, Muhokya huko Kasese na pia Tororo, na inaruhusu ukuta kupumua. Ishikeni kwa uangalifu, inachoma macho. Kabla ya hapo chimbeni mfereji wa kupitisha maji kandokando ya msingi, kwa kuwa ukuta mwingi huponea hapo.

Na kama saruji imeshapigwa, msiivunje yote. Gongeni kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, lipu imeshaachana na tofali. Hapo ondoeni taratibu kwa patasi. Panapolia kwa uzito, paacheni.