Mpigaji "asiyewaweza mashoto": kabla hujamhukumu, angalia namba vizuri

Kila msimu wa besiboli ukifika katikati nakutana na swali lile lile, mpigaji fulani hawawezi kabisa warushaji mashoto, yaani wanaorusha mpira kwa mkono wa kushoto, sasa kwa nini kocha bado anampanga? Na mtu anakuja na ushahidi wake mkononi, wastani wa kupiga (mapigo yaliyofaulu gawa kwa zamu za kupiga, bila kuhesabu besi za bure) 0.190 dhidi ya mashoto, ambao ni wa chini, kesi imeisha. Mimi nashinda na hizi takwimu za besiboli na nawaambia kabisa, hiyo 0.190 ikiwa peke yake haijakwambia kitu bado.

Kwamba tofauti ipo, hilo halina ubishi. Mrushaji akitumia mkono wa upande ule ule wa mpigaji, mpira unatokea kama vile kwa nyuma ya mgongo wako, unauona umechelewa, halafu slaida yake, ule mpira unaokata pembeni, inazidi kukukimbia unapoifuata na gongo. Mikono ikipishana mpira unakuja upande wako na unauona mapema. Makocha walilijua hili zamani sana kabla ya kompyuta, Earl Weaver, kocha wa timu ya Baltimore Orioles, alikuwa anawabadilisha John Lowenstein, anayepiga kushoto, na Gary Roenicke, anayepiga kulia, kutegemea nani anarusha siku hiyo, na msimu wa 1982 Lowenstein akatoka na houmrani (pigo linalomzungusha mpigaji besi zote mpaka apate pointi) 24, Roenicke 21. Hao wawili ukiwaunganisha unapata staa mmoja mkubwa.

Shida inaanzia kwenye kipimo. Wastani wa kupiga unahesabu pigo la besi moja, linalomfikisha mpigaji besi ya kwanza tu, sawa na houmrani, na mtu akipewa besi ya kwanza bure baada ya mipira minne mibovu haihesabiwi kabisa, kana kwamba hakuingia uwanjani! Ndo maana natumia wOBA (wastani wa kufika besi wenye uzito), ambayo kila tukio inalipa uzito wake kulingana na mchango wake kwenye kuleta pointi: besi ya bure kama 0.69, besi moja 0.88, besi mbili 1.25, houmrani 2.0, zinacheza kidogo kila msimu lakini ni hapo hapo.

Chukua wapigaji wawili wa kufikirika, kila mmoja zamu 100 dhidi ya mashoto. Wa kwanza ana besi za bure 4, mapigo ya besi moja 26, ya besi mbili 3, houmrani hana. Wastani wake 0.302, watu wanampigia makofi. Wa pili ana besi za bure 10, besi moja 15, besi mbili 5 na houmrani 4, wastani 0.267 tu. Sasa piga hesabu ya wOBA, jumla ya uzito gawa kwa zamu: wa kwanza anapata 0.294, wa pili 0.344. Yaani yule anayeonekana dhaifu ndo anayewaumiza mashoto, na sio kwa kidogo.

Lakini hata wOBA ukiwa nayo, usikimbilie kuamua, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Warushaji mashoto ni wachache, kwa hiyo mpigaji anayecheza kila siku, mwenye zamu 600 kwa msimu, labda 150 tu ndo anakutana nao. Zamu 150 ni kitu kidogo mno, mipira mitano iliyodakwa kwa bahati ikidondoka tu uwanjani picha yote inageuka. Tom Tango, mtafiti wa takwimu za besiboli, na wenzake walilipigia hesabu na jibu lao naliheshimu sana: ukitaka kukadiria tofauti halisi ya mpigaji wa kushoto, mchanganyie zamu 1000 dhidi ya mashoto za mpigaji wa kushoto wa kawaida wa ligi, na wa kulia mchanganyie 2200, ili bahati ya zamu chache isikudanganye.

Tuseme mpigaji wa kushoto ana zamu 300 dhidi ya mashoto na wOBA yake kwao imeshuka kwa 0.060 ukilinganisha na anavyowapiga wa kulia, na tuseme wa kawaida wa upande wake anashuka 0.030. Zamu zake zina uzito wa 300 kwa 1300, kama asilimia 23, na 77 zinazobaki ni za yule wa kawaida, basi makadirio yangu ni 0.037. Sio 0.060! Ni mtu wa kawaida tu aliyekosa bahati kidogo, na kumweka benchi kwa sababu hiyo ni kumwonea. Kwa mpigaji wa kulia zamu hizo hizo 300 zina uzito wa asilimia 12 tu, maana wapigaji wa kulia wanafanana sana kwenye jambo hili, kwa hiyo ukisikia fulani wa kulia ni "muuaji wa mashoto" kwa ushahidi wa msimu mmoja, mimi nakaa kimya tu nasubiri.

Kitu kingine, ukifungua Baseball-Reference, tovuti ya takwimu za besiboli, utaona tOPS+ na sOPS+, vipimo vya upigaji vinavyotokana na OPS (kufika besi ukijumlisha na nguvu ya mapigo), ambapo 100 ndo wastani, watu wanazichanganya kila siku. tOPS+ inamlinganisha mchezaji na yeye mwenyewe, sOPS+ inamlinganisha na ligi kwenye hali hiyo hiyo. Staa anaweza kuwa na tOPS+ ya chini dhidi ya mashoto na bado akawa bora kuliko wengi wanaokabiliana nao. Ukitaka kujua nani apangwe leo, angalia sOPS+, ukitumia tOPS+ utamtoa mtu mzuri uingize mbovu.

Wanaopiga pande zote mbili nawaweka kando kabisa, maana kwa kweli hao ni wapigaji wawili ndani ya jezi moja, kila upande una mkao wake na udhaifu wake. Cedric Mullins enzi zake Orioles alikuwa hivyo, upande wa kulia ukawa unamgharimu, akauacha akabaki kupiga kushoto tu hata dhidi ya mashoto wenzake, na msimu huo wa 2021 akamaliza na houmrani 30 na besi 30 za kuiba, yaani za kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe.