Mashine ya kupima mkojo haitoi hukumu ya UTI

Wengi wakiona majibu yameandikwa "bakteria wameonekana", huamini kwamba UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) imethibitishwa na kilichobaki ni kumeza dawa. Sivyo, na kosa hili linawamezesha watu antibiotiki bure.

Mashine inahesabu tu. Mkojo kidogo huchanganywa na rangi inayoshika vinasaba, kisha hupitishwa mbele ya leza katika mkondo mwembamba, chembe moja moja. Kila chembe hung'aa na kutawanya mwanga kwa namna yake; hapo mashine huwatofautisha bakteria na chembe nyeupe za damu. Dakika chache, kazi imekwisha. Lakini dawa gani itawaua bakteria hao, haijui. Hilo hujulikana kwa kuotesha mkojo, yaani kuwaacha bakteria wake wakue maabara, kwa kawaida saa 18 hadi 24, kisha kupima usugu wao kwa dawa.

Nguvu kubwa ya mashine iko kwenye jibu la "hakuna bakteria": sampuli nyingi za namna hiyo hazihitaji kuoteshwa.

Tena bakteria wa ngozi huingia kwenye kikopo kirahisi, ndiyo maana unaambiwa ukinge mkojo wa katikati, si ule wa mwanzo. Na wapo watu, hasa wazee, wenye bakteria bila dalili yoyote. Hao kwa kawaida hawatibiwi, lakini wajawazito hutibiwa.